Usiku Watatu Kigoma, Kila Kitu Ndani

Mimi nilitaka kulala. Nalisema hili mapema kwa sababu kilichokuja kutokea ni kinyume chake.

Nina duka la madaftari na sare za shule hapa Tabora, na aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka kama hilo mwezi wa kwanza anajua uchovu ninaousema. Miaka kumi na moja ya ndoa, mimi na Baba Neema hatukuwahi kusafiri pasipo msiba, harusi au mgonjwa huko tuendako. Mwaka 2024 malipo yake ya tumbaku yalipotoka, akasema safari hii tunakwenda ziwani, wawili tu, watoto wanabaki kwa bibi yao. Nikakubali kwa sharti moja: nikifika nataka kitanda, mchanga na mtu wa kuniletea chakula. Usiku watatu nisiguse sufuria.

Yeye akavuta daftari la madeni la dukani, akafungua ukurasa mpya, akaandika: Gombe. Mahale. Kayaki. Kupiga mbizi. Ujiji. Nikamuuliza kama usiku huo watatu ni wa kibinadamu.

Gombe na Mahale ni hifadhi za sokwe kando ya ziwa. Mahale tuliikata siku hiyo hiyo. Iko zaidi ya kilomita mia moja kusini mwa mji wa Kigoma, na kwa bajeti yetu njia ni ya majini. Ukiwa na usiku watatu utazimaliza siku zako ukiwa umeshika ukingo wa boti. Ni ya wenye wiki nzima. Baba Neema alinuna kidogo, nikamwachia Gombe iliyo karibu, upande wa kaskazini.

Kisha nikaanza kupiga simu hotelini. Hapa ndipo duka linaponisaidia, maana maneno ya hoteli ni kama maneno ya muuza jumla: uliza kila kitu kwa jina lake. "Fulbodi" ni milo mitatu na kitanda, basi. "Kila kitu ndani" ni neno pana, kila mmoja analipima kwa kibaba chake. Hoteli ya kwanza ilisema kila kitu ndani, nikauliza maji ya kunywa je, wakasema chupa mbili kwa siku. Ya pili, iliyo ufukweni kusini mwa bandari, walikuwa na bei ya juu kidogo lakini dada wa mapokezi hakukasirika nilipomhoji. Kayaki, kile kimtumbwi cha kupiga kasia, ndani. Miwani ya kutazamia chini ya maji na bomba lake la kupumulia, ndani. Maboya ndani. Soda, maji na juisi ndani, bia nje. Boti ya Gombe nje, na kiingilio cha hifadhi nje kabisa. Hicho unakilipa wewe mwenyewe kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa namba ya malipo, na Mtanzania analipa sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni wa nje. Nikaandika yote. Jumla laki tisa kwa watu wawili, kabla ya boti. Nikashusha pumzi, nikasema sawa.

Tungekwenda Julai kama si shemeji yangu anayeuza dagaa sokoni. Aliposikia tarehe alicheka. "Shemeji, Julai mtaona nini? Ziwa limefungwa." Kweli, mwaka huo serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mgeni wa kuogelea hafungiwi, ila zile taa za wavuvi usiku ambazo Baba Neema alinisimulia tangu enzi za uchumba zisingekuwepo. Halafu shemeji akaongeza jambo ambalo hakuna hoteli iliyolitaja: hata ziwa likiwa wazi, usiende mbalamwezi. Dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa wanatawanyika, taa ya mvuvi haiwavuti, mitumbwi inabaki nchi kavu. "Nendeni giza," akasema. Giza la Septemba liliangukia mwanzoni mwa mwezi, tarehe 3, nasi tukapanga likizo yetu kwa kalenda ya dagaa.

Treni tuliipanda Tabora usiku. Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914, na Baba Neema hawezi kupita juu yake bila kusimulia habari za meli. Wajerumani waliunda meli kwao, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia katika maelfu ya masanduku, ikateremshwa Dar es Salaam na kupandishwa kwenye reli hadi ziwani kuunganishwa upya. Ilishushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata wenyewe wakaizamisha wasiwaachie adui, lakini kwanza wakazipaka injini mafuta mazito. Waingereza wakaja kuiibua na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. "Masanduku yote yale yamepita hapa kwetu," alisema akigonga dirisha, kana kwamba ameyabeba yeye. Mimi nilikuwa nimelala tangu Urambo.

Uvinza, mahali pa chumvi, ndipo alipopiga chafya ya kwanza. Akasema ni vumbi.

Siku ya kwanza ilikuwa yangu. Nilikula migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo, nikalala kwenye kiti cha kamba chini ya mwembe, nikaamka nikala tena. Jioni Baba Neema alinishawishi niingie majini, magotini tu, na ile miwani. Niliinamisha uso nikiwa bado nimeshika mkono wake. Sikutegemea. Juu, ziwa ni bati la buluu. Chini, mawe yamejaa samaki wadogo, wengine wana mistari ya njano, wengine weusi wenye mkia mweupe, na kila mmoja analinda jiwe lake kama mwenye kibanda sokoni. Mmoja, mrefu kama kidole changu cha kati, alinijia usoni akasimama mbele ya kioo, akafungua mdomo na kuufunga. Nilikuwa nimeingilia eneo lake. Samaki hawa wa mapambo wengi hawapatikani ziwa jingine lolote duniani, na wapo wanaosafirishwa kutoka Kigoma hadi Ulaya kuwekwa kwenye matangi ya vioo. Nilisahau kuwa nimeshika mkono wa mtu.

Ushauri mmoja kwa wanaoogelea: kaeni penye mawe na maji meupe. Kwenye matete na midomo ya mito waachieni konokono wenye kichocho, na mamba.

Usiku taa zikatoka. Nilidhani ni mji wa Kongo ng'ambo, mpaka nikaona mji unasogea.

Asubuhi ya pili, saa kumi na moja, Baba Neema alikuwa tayari amevaa viatu vya kupandia mlima, macho mekundu, sauti kama ya debe. Kijana wa boti, kabla hata ya kutusalimia vizuri, aliuliza: "Kuna mwenye mafua?"

"Vumbi la treni tu hili," akasema mume wangu, na chafya ikatoka hapo hapo.

Kijana akatikisa kichwa kwa heshima zote. Mwenye mafua hawakaribii sokwe. Miili yao iko karibu mno na yetu, na maradhi yetu ya kifua yameshawahi kuwaua huko Gombe. Mgonjwa hata akivaa barakoa haruhusiwi. Nilimwonea huruma Baba Neema, maana boti ya kukodi hailipwi kwa vichwa. Aende mmoja au waende sita, bei ni ile ile, nayo tulishailipa. Akakaa kwenye ngazi, akafungua kamba za viatu polepole. Kisha akanitazama.

"Mama Neema, nenda wewe."

"Mimi? Nimekuja kulala."

"Nitalala mimi."

Basi nikaenda na raba za kuendea sokoni. Tuliondoka mapema kwa sababu, kwa maneno ya kijana, ziwa la asubuhi na la mchana ni maziwa mawili tofauti. Tulipita vijiji vya wavuvi, dagaa wameanikwa kwenye mchanga wanang'aa kama misumari mipya. Katikati ya safari nilimuuliza kina. Akasema hapa sijui, ila kule penye kina kikubwa kuliko kote ni mita 1,470. Nikakaza boya langu.

Kasekela, tuliposhukia Gombe, ufukweni, nyani walikuwa wanasubiri mizigo ya watu kama wapagazi wa stendi. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alishuka Gombe Julai 1960, akiwa na miaka 26 na mama yake mzazi pembeni. Hilo la mama ndilo lililonigusa. (Amefariki Oktoba 2025, mwaka mmoja baada ya safari yetu, na siku ile niliposikia redioni nilifunga duka mapema.) Mwongoza wageni alinipa fimbo na barakoa, tukaanza kupanda. Siwezi kuwadanganya: magoti yalilia. Mabonde ya Gombe yamesimama wima, unashika mzizi unajivuta, unateleza kwenye majani makavu, unajivuta tena. Saa mbili za hivyo, kisha ukasikika mlio, unaanza chini kama mtu anayehema, unapanda, unapanda, hadi bonde zima linajibu.

Walikuwa sita. Mama mmoja alikaa chini kabisa kwenye njia, mwanawe amelala chali mapajani, anachezea kidole cha mguu cha mama yake. Anakivuta, kinarudi, anakivuta. Mama anamtoa uchafu kichwani bila kumtazama, macho yako mbali, uso ule ule ninaokuwa nao mimi nikimsuka Neema huku nawaza mkopo. Nilisogea bila kujua. "Mama, rudi nyuma. Mita kumi," mwongozaji akanong'ona. Akaniambia watoto hupewa majina yenye herufi ya kwanza ya jina la mama, hivyo ukoo unaujua kwa herufi. Muda wao na wageni ni saa moja, haizidi. Walipoinuka kuondoka mtoto alirukia mgongo wa mama akageuza shingo kututazama, basi majani yakajifunga.

Nilirudi jioni nimechanika suruali, nimepoteza kucha. Baba Neema alikuwa kwenye kiti changu cha kamba, chini ya mwembe wangu, amejifunika kanga yangu, chupa ya chai pembeni. Alikuwa amelala siku nzima. Nilimsimulia mpaka saa tano usiku, naye alikuwa anauliza kama mtoto: walikuwa wangapi, mkubwa kiasi gani, alikutazama machoni?

Ujiji tulipita siku ya tatu kuona jiwe la ukumbusho la Livingstone na Stanley, walipokutana mwaka 1871. Ni pahali padogo penye miembe. Kayaki aliipata pia, nusu saa, karibu na ufuko, akikohoa.

Asubuhi ya kuondoka dada wa mapokezi alinigeuzia karatasi ya hesabu. Chakula, sifuri. Kayaki, sifuri. Miwani, sifuri. Chini kabisa, kwa kalamu nyingine: chai ya tangawizi na ndimu, chupa tisa, shilingi elfu arobaini na tano.

"Si mlisema vinywaji vimo ndani?"

"Vya baridi, mama. Hiyo ni oda maalumu."

Nikageuka kumtazama Baba Neema. Alikuwa anaangalia ziwa. Na asali aliyokuwa anaitia humo ilikuwa ya kwetu, tuliibeba kutoka Tabora.