Kucha zangu kwenye kompyuta ya daktari

Ukitaka kuona damu ya mtu ikitembea bila kumtoboa, pa kutazama ni pale ngozi ya kidole inapokutana na shina la ukucha. Kwingine mwilini kapilari, ile mishipa midogo kuliko yote, zimesimama wima chini ya ngozi, kwa hiyo ukimulika kutoka juu unaona vichwa vyake tu, vidoti vidoti. Hapo ukuchani zimelala. Unaiona kila moja ikienda mpaka ukingoni, ikijikunja kama pini ya nywele, kisha ikirudi ilikotoka.

Haya nimeyajua kwa ajili ya friza. Nauza samaki Nairobi, na baridi ya Julai ikikutana na barafu yangu, vidole vinakufa ganzi hata kufunga mfuko siwezi. Shida ni kwamba mimi mweusi. Picha za ugonjwa wa Raynaud, yaani mishipa ya vidole kujibana kwa baridi, nilizozikuta mtandaoni zote ni za vidole vya Wazungu, vyeupe pe, kisha vya buluu, kisha vyekundu. Vyangu vinaingia ukijivu, na mteja aliyesimama mbele yangu haoni kitu. Mwenye ngozi kama yangu ageuze kiganja, atazame ncha za vidole na nyama iliyo chini ya ukucha, maana huko rangi haijifichi. Daktari wa kwanza alitazama mgongo wa mkono, akaniandikia vitamini.

Wa pili, daktari wa baridi yabisi, alinionya mapema: nisipake rangi ya kucha, na kwa wiki kadhaa nisikate ile ngozi ya kwenye shina. Siku yenyewe niliketishwa kwanza kwenye chumba kisicho na baridi, dakika 15 hadi 20, maana mishipa iliyotoka kupigwa na baridi haionyeshi hali yake ya kawaida.

“Lete mkono, mama.”

Akadondosha tone la mafuta kwenye kidole. Ngozi kavu hurudisha mwanga na kuleta mng’ao, mafuta huuondoa. Kisha akagusisha kikamera chenye taa yake, kinachokuza mara 200, na picha ikatokea kwenye kompyuta. Vitanzi vyekundu vimejipanga safu, na ndani yake kitu kinakwenda. Nilidhani naangalia mishipa. Kumbe kuta zake hazionekani kabisa; kinachoonekana ni msururu wa chembe nyekundu za damu zikipita, kila moja ina upana wa kama maikromita 7 au 8 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Mwanasayansi wa Italia, Marcello Malpighi, alipoziona kapilari mwaka 1661, ilibidi apasue chura atazame mapafu yake. Mimi nilivua pete tu.

Kidole cha shahada kilitoa ukungu mtupu, kwa sababu weusi wa ngozi hunywa mwanga. Cha pete kikatoa picha safi, na daktari akasema ndivyo inavyokuwa kwa watu wengi, ngozi ya hapo ni angavu zaidi. Kwa hiyo mtu asikubali kuambiwa “ngozi yako haionyeshi” kabla vidole vyote havijajaribiwa.

Alikuwa akitafuta nini? Kwanza idadi: mtu mzima mwenye afya huwa na kapilari 7 au zaidi katika kila milimita. Pili majitu, yaani zilizovimba kupita maikromita 50. Tatu alama za damu iliyovuja, na sehemu tupu ambako mishipa imekwisha kufa. Wengi wenye vidole kama vyangu hawana lolote la kutisha, ni mishipa tu inayoikuza baridi kuliko ilivyo. Lakini kwa wachache nyuma yake kuna skleroderma: kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe, ngozi inakakamaa, hata mapafu yanaweza kudhurika. Na kapilari za ukuchani huharibika mapema, pengine kabla ngozi haijabadilika. Ndiyo maana katika vigezo vya kimataifa vya mwaka 2013 kapilari mbovu zina pointi 2, Raynaud 3, na pointi za dalili zote kwa jumla zikifika 9 mtu anahesabiwa kuwa na skleroderma.

Zangu ni nzima. Damu nayo ilipimwa, na nitarudi mwakani zitazamwe tena.

Kinachoniudhi ni kwamba hata ile lenzi ya mkononi ya madaktari wa ngozi, inayokuza mara 10 tu, huweza kuonyesha majitu hayo. Haihesabu vizuri, lakini inatosha kujua nani apelekwe mbele. Ukimwona daktari anayo, mwombe akumulike kucha. Hakuna sindano wala maumivu.

Sasa friza anaichimba kijana wangu wa kazi, mimi navaa glavu za sufu ndani ya za mpira. Dada wa saluni amenuna kidogo. Rangi anapaka, ila ngozi ya shina la ukucha nimemkataza kuigusa na mkasi, naye anadai watu watadhani hajui kazi.