Fantasia: pale picha inapousikiliza muziki, na pale inapougomea

Ukimtajia mtu Fantasia, ile filamu ya Disney ya katuni zilizochorwa kufuata muziki wa okestra, anakumbuka Mickey na ile kofia ya mchawi, basi, kamaliza. Sawa, kile kipande ni kitamu na ndo kilichozaa filamu yenyewe, maana kilianza kama katuni fupi tu, gharama zikapanda mpaka wakaona bora watengeneze filamu nzima, ikatoka 1940. Ila Mickey alipewa kazi rahisi bwana. Muziki wa kipande chake, wa mtunzi Paul Dukas, tangu 1897 ulishakuwa na hadithi yake ndani, mwanafunzi wa mchawi analiamuru fagio lichote maji halafu hajui kulisimamisha, kwa hiyo mchoraji anafuata tu, basuni (zumari nene yenye sauti nzito) ikianza kuchechemea na fagio nalo linanyanyuka.

Shughuli iko kwa mtunzi Stravinsky. Muziki wake, The Rite of Spring, aliuandikia bale (hadithi ya kuchezwa dansi jukwaani) ya 1913, kuna binti anacheza mpaka anakufa kama sadaka, sasa Disney wakatupa hadithi yote wakaweka dunia inavyozaliwa, volkano, dinosaria wanatafunana, na vipande vya muziki wakavikata wakavipanga upya. Stravinsky alikuwa bado hai na baadaye aliwasema sana, na kwa hilo la kukatakata namuunga mkono. Lakini jamani, zile ngoma nzito na volkano zinaendana kweli, mi nikiusikia ule muziki sasa hivi siwazi binti, nawaza matope yanayotokota.

Beethoven ndo alionewa. Symphony yake ya sita (muziki mrefu wa okestra) inahusu mashambani, kijito, ndege, mvua na radi, yeye mwenyewe kaandika hivyo, halafu unaletewa viumbe nusu mtu nusu farasi wanatongozana. Na kuna sababu, zile picha zilianza kupangiwa muziki wa mtu mwingine, Gabriel Pierné, wakabadilisha katikati ya safari. Inaonekana wazi kabisa, wale viumbe wanacheza wimbo usiopigwa. (Radi tu ndo imefika kwa wakati.)

Halafu sasa viboko! Muziki wa mtunzi Ponchielli, ule wa bale ya kistaarabu kabisa, wamewapa mbuni, viboko, tembo na mamba, na utamu wake ni kwamba hakuna anayecheka humo ndani. Kiboko anazunguka kwa kidole cha mguu akiwa siriasi kuliko mtu yeyote, kila muziki ukipanda naye anapanda, sasa ukitaka kujua mchoraji anayesikiliza anafanyaje, ni hapo.

Muziki karibu wote umepigwa na okestra ya Philadelphia chini ya kiongozi wake Leopold Stokowski, na walihangaika na spika nyingi ukumbini ili sauti itembee toka upande huu hadi ule, mitambo ghali mpaka kumbi chache tu ziliweza kuifunga. Kwa hiyo usiiangalie kwa spika ya simu tafadhali, tafuta hata hedifoni. Anza na viboko. Farasi wa Beethoven mi huwa nawaruka.