Siku tuliyotia bildi Port Reitz

Ilikuwa tangambili, kipindi kati ya kaskazi na kusi, siku ya maji mafu, yaani maji yanapopanda na kushuka kidogo. Tuliichagua makusudi, kwa kuwa mkondo wa bamvua, maji yanapopanda na kushuka sana, ungeisukuma mashua kabla bildi, yaani timazi ya kupimia kina, haijagusa chini. Tulitaka kupima kina cha hori (mkono wa bahari) la Port Reitz, Mombasa, kwa mkono, kama walivyofanya mabaharia wa Kapteni William Owen. Manowari zake, Leven na Barracouta, zilipima pwani za Afrika kuanzia 1822 hadi 1826, na homa iliwaua wengi. Hilo hori lenyewe lina jina la Luteni John James Reitz, aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 akafariki mwaka huohuo.

Bildi yetu ilikuwa kipande cha madini ya risasi cha ratili 7, kilichofungwa kwenye kamba. Kamba ya katani hupungua urefu ikilowa, kwa hiyo tuliiloweka na kuinyoosha kwanza, ndipo tukaitia alama kwa pima (pima moja ni karibu mita 1.8): pima 2, ngozi ya ncha mbili, pima 3, ncha tatu, pima 5, kitambaa cheupe cha kitani, pima 7, chekundu cha sufu, pima 10, ngozi yenye tundu. Vitambaa havifanani, ili hata usiku mtu aijue alama kwa kupapasa.

Kitako cha risasi kina shimo, nalo hujazwa shahamu. Bildi ikipanda huja na mchanga, tope au vipande vya matumbawe. Hivyo ndivyo vinavyotajwa na herufi ndogo zilizo kando ya namba za kina kwenye chati, yaani ramani za bahari, za kale. Kwa maoni yangu herufi hizo zina faida kuliko nusu ya namba: mwenye kutia nanga anataka tope, si mwamba.

Kijana wa bildi alikuwa akisoma upesi mno. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, akamwambia, "Usisome kamba ikilala, mwanangu. Itupe mbele, ngoja isimame wima." Kamba iliyolala huonyesha kina kikubwa kuliko kilichopo, na kosa la namna hiyo ndilo linalopandisha chombo mwambani.

Bildi ilipogusa, wawili walipima pembe kwa sekstanti papo hapo, kati ya alama tatu za nchi kavu. Mtego uko hapo: mashua na alama zote tatu zikiangukia duara moja, pembe hazibadiliki hata usogee juu ya duara hilo, na huwezi kujua uko wapi. Dawa yake ni kuchagua alama ya katikati iliyo karibu nawe kuliko zile za pembeni.

Ufukweni mtu alisoma mti wa maji, nguzo yenye alama za kimo cha maji, kila dakika 10, na kila kina kikapunguzwa hadi usawa wa maji kupwa. Wakati wa bamvua, Mombasa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, yaani pima moja na nusu na ushei. Asiyepunguza huandika pima 3 mahali ambapo maji yakipwa hazibaki hata mbili.

Karibu na mikoko safu mbili za vipimo, mistari ambayo mashua ilipita ikipima, zilitupa pima 5 kila upande. Serahangi akatikisa kichwa, akaielekeza mashua katikati, na bildi ikagota kwenye pima moja na nusu. Risasi hugusa mahali padogo kama kiganja. Baina ya safu hakuna aliyepima. Ndiyo maana kwenye chati ya mkono mimi hutazama nafasi baina ya namba kabla ya namba zenyewe. Tukarudia sehemu ile kwa safu za karibu zaidi, mpaka upepo wa alasiri ukaanza kuilaza kamba.