Basi namba 34

Toronto nimeifahamu kupitia dirisha la basi. Nilipofika 2013 nilipanga chumba Scarborough, karibu na stesheni ya Kennedy, na kazi ya kusafisha ofisi nikaipata kwenye makutano ya barabara za Yonge na Eglinton. Usafiri ulikuwa basi namba 34, na kwa kweli hakuna njia rahisi kuliko hiyo: unapanda Eglinton, unashuka Eglinton.

Hadi mwisho wa 1997 Toronto ya leo ilikuwa manispaa sita. Eglinton inazikata zote: Scarborough, North York, East York, Toronto yenyewe, York na Etobicoke. Tangu 1998 ni mji mmoja kwa karatasi, lakini ukiwa ndani ya basi unauona mshono.

Kipande cha Scarborough kinaitwa Golden Mile. Baada ya Vita Kuu ya Pili palijaa viwanda, hata Malkia Elizabeth alipitishwa hapo 1959. Mimi nilikuta maduka makubwa na maegesho ya magari, mapana kiasi kwamba kuyavuka kwa miguu mwezi wa Januari ni adhabu.

Siku moja nilikuwa naongea na simu, kwa sauti kubwa kama kawaida yetu. Nilipokata, mzee wa Kihindi aliyekaa nyuma akaniuliza, "Kijana, Kiswahili hicho cha wapi?" Nikageuka nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitika marahaba bila kusita. Alikuwa mmoja wa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin 1972. Tulipokaribia Wynford Drive akanionyesha kreni kwa kidole: "Pale tunajenga." Ilikuwa jumba la makumbusho la Aga Khan na kituo cha Waismailia, vilivyofunguliwa mwaka uliofuata. Tukapiga soga hadi kituo changu kikanipita.

Jumamosi nilikuwa naunganisha na basi namba 32 kwenda magharibi kunyoa. Huko ni Little Jamaica, mtaa wa reggae na vinyozi, ambako nywele zangu hazikuhitaji maelezo. Ofisini kwetu kulikuwa na saluni ya kifahari ghorofa ya chini. Nilijaribu mara moja, nikavaa kofia wiki tatu.

Ila mtaa ule ulikuwa umegeuka shimo. Tangu 2011 walikuwa wanajenga reli ya kilomita 19, sehemu kubwa chini ya ardhi, iliyotakiwa kuanza kazi 2020. Uzio ulisimama mbele ya milango ya maduka, njia ya miguu ikabaki kama uchochoro. Wenye gari hawakupata pa kuegesha, wakaacha kuja. Kila nikienda nakuta duka jingine limebandikwa karatasi dirishani. Kinyozi wangu, mtu mzima, alikuwa anacheka kwa uchungu. Aliikumbuka treni ya kwanza: walianza kuichimba hapohapo 1994, mwaka uliofuata serikali mpya ya jimbo ikaifuta na shimo likafukiwa. "Hawa nao," alisema, "sijui wanachimba au wanafukia."

Nilihama 2022, treni bado. Mara ya mwisho kwenda kunyoa niliupita mlango wake bila kuuona. Nikarudi. Kwenye uzio alikuwa amefunga kipande cha boksi kwa waya, amechora mshale kwa kalamu nene na kuandika kwamba yuko wazi. Ndani viti vinne, mteja mimi peke yangu.