Savannah wikendi moja ya Julai: jua ndilo linalopanga ratiba

Kutoka Atlanta, au Clarkston iliyo kando yake, hadi Savannah, katika jimbo hilo hilo la Georgia, Marekani, ni maili 250, kama kilomita 400. Unashika barabara kuu ya I-75 mpaka mji wa Macon, kisha I-16 mpaka inapoishia, nayo inaishia mjini kabisa. Ni mwendo wa saa nne, ila si kwa anayetoka Ijumaa alasiri, maana huyo atakula foleni ya kusini mwa Atlanta kwanza. Tuliondoka saa tano asubuhi, tukajaza tangi Macon. Mbele ya hapo ni misonobari kulia na kushoto, na vituo vya mafuta viko mbalimbali.

Ukishapita mji mdogo wa Dublin, tazama sehemu za kuingilia barabara kuu. Utaona vizuizi vya chuma vimesimamishwa wima, vinangoja. Kimbunga kikitishia pwani, njia za kwenda Savannah hugeuzwa zote zielekee bara, na vizuizi hivyo hushushwa ili mtu asikutane uso kwa uso na magari yanayokimbia. Msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na mbaya zaidi ni kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba. Kwa hiyo hata Julai, chukua chumba ambacho unaweza kukifuta na ukarudishiwa fedha. Bei ikiwa nafuu kwa sababu tu hairudishwi, huo si unafuu.

Na ukiuliza bei ya chumba, uliza jumla ya mwisho. Juu ya bei inayotangazwa kuna kodi, kuna dola 5 kwa kila usiku zinazotozwa na jimbo la Georgia, na hoteli nyingi za katikati ya mji hutoza maegesho pembeni. Hoteli za nje ya mji, kule kwenye barabara kuu ya I-95, ni rahisi, lakini kila ukitaka kurudi chumbani kuoga itabidi uendeshe. Mwezi wa Julai utataka kuoga mara tatu kwa siku. Sisi tunashauri ulale kati ya Bay Street na Forsyth Park, gari uliegeshe, ulisahau mpaka Jumapili. Ukiegesha mtaani, soma kibao cha siku ya kufagia barabara kabla hujasoma cha bei, maana faini nyingi za wageni zinatoka hapo. Kuna maegesho makubwa chini ya Ellis Square. Mwaka 1954 soko la zamani lililokuwa hapo lilibomolewa ili pajengwe maegesho ya ghorofa, na hasira iliyozuka ndiyo iliyozaa taasisi ya kuhifadhi majengo ya mji mwaka 1955. Kiwanja kilirudishwa mwaka 2010, magari yakashushwa ardhini.

Sasa joto. Nyuzi 33 si kitu kwa mtu wa Dar es Salaam. Tatizo ni fukuto: upepo wa bahari hufika mjini umedhoofika, kwa kuwa Savannah iko mtoni, maili 18 kutoka ufukweni. Shati linalowa kabla hujamaliza mtaa wa pili. Ndiyo maana hatukupanga siku kwa kufuata orodha ya vivutio. Tuliipanga kwa kufuata kivuli: nje kuanzia mapambazuko hadi saa nne asubuhi, ndani hadi saa kumi, halafu nje tena.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu, jua likichomoza, tulianzia Johnson Square kwenda kusini kwa Bull Street. James Oglethorpe alipoanzisha koloni mwaka 1733, mji aliupima kwa mitaa iliyojirudia: kila mtaa una kiwanja chake katikati, nyumba kaskazini na kusini, na viwanja vya majengo ya umma mashariki na magharibi. Viwanja hivyo vya katikati vilifika 24, leo vipo 22. Kwenye Bull Street peke yake vipo vitano, na kila kimoja kimefunikwa na mialoni isiyopukutisha majani, iliyotundikwa zile nyuzi za kijivu. Nyuzi hizo si kuvu wala ndevu za mti. Ni mmea wa ukoo wa nanasi, unaokunywa unyevu wa hewani. Usiokote zilizoanguka ukajivika shingoni ili upigwe picha: zikikaa chini huingiwa na wadudu wekundu wadogo mno, na utajikuna wiki nzima.

Wright Square ndipo alipozikwa Tomochichi, kiongozi wa Wayamacraw, wenyeji wa asili, aliyewaruhusu Waingereza kukaa hapo. Chippewa Square, sanamu ya Oglethorpe inatazama kusini, kuliko na Wahispania wa Florida wa enzi zile. Kabla ya kufika Forsyth Park, kata kushoto kidogo uende Taylor Square. Kilikuwa kikiitwa kwa jina la Calhoun, mtetezi mkubwa wa utumwa. Mwaka 2023 baraza la mji lilikipa jina la Susie King Taylor, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1848 akawa mwalimu na muuguzi. Njia nzima ni maili moja na kidogo, na chupa ya lita moja kwa kila mtu haizidi. Ukivuka kuingia kiwanjani, angalia kushoto kwako, na ukitoka, kulia: magari huzunguka viwanja kwa upande mmoja tu, na aliyemo ndani ya mzunguko ndiye mwenye haki ya kupita.

Saa nne tulikuwa mlangoni pa Owens-Thomas House, nyumba ya kale ambayo sasa ni makumbusho. Ziara huenda kwa saa maalumu, na za katikati ya mchana huisha mapema kwa kuwa kila mtu anakimbia jua. Kata tiketi mtandaoni siku moja kabla. Tiketi hiyo hiyo inakuingiza kwenye majumba mengine mawili ya Telfair, taasisi ya makumbusho inayoimiliki. Nyumba ilijengwa 1816 hadi 1819, lakini usianze na sebule zake. Anza na makazi ya watumwa nyuma ya ua. Inua macho uone dari: buluu iliyopauka, imechunika, lakini bado buluu, rangi iliyoaminika kuzuia mizimu isiingie. Kuta za nyumba ni chokaa ya makombe ya chaza, mchanga na maji, na makombe mazima ndani yake. Mtu wa Lamu au Unguja ataielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Hapo tuliona ni heri tiketi moja kama hii kuliko ziara tatu za mizuka za usiku, ambazo mji huu unaziuza kila kona.

Kutoka hapo, kanisa la First African Baptist Church kwenye Franklin Square, jengo lililokamilishwa mwaka 1859. Sakafu ya chini ina matundu yaliyotobolewa kwa mpangilio. Waongozaji husema yalikuwa ya kupitishia hewa kwa waliojificha chini yake, na kwamba mpangilio wake ni alama ya kiimani ya Wakongo. Mwaka huo huo wa 1859, mwezi Machi, zaidi ya watu 400 waliuzwa kwa siku mbili nje kidogo ya mji. Jumapili ni ibada, kwa hiyo ziara ifanye Jumamosi.

Chakula: Mrs. Wilkes kwenye Jones Street, ambako watu kumi hukaa meza moja na kupokezana mabakuli, hufungwa wikendi. Ukiutaka mlo huo, fika Ijumaa kabla ya saa nane. Kwingineko agiza kamba juu ya uji mzito wa mahindi, ambao ni kama ugali uliotiwa siagi, au wali mwekundu wa nyanya. Bamia, kunde na ufuta viko kila mahali. Karanga wazee wa huku waliziita “goober”, kutoka nguba ya Kikongo.

Mvua ya radi hupiga alasiri, dakika arobaini hivi, kisha hewa hupoa. Hapo ndipo tulipoteremkia River Street, ukingoni mwa mto. Ngazi za mawe ni za kale, hazilingani kimo, na zikilowa huteleza. Barabara yenyewe imetandikwa mawe yaliyoletwa kama uzito wa kutuliza meli tupu. Vaa raba, viatu vya kisigino viache chumbani. Pombe inaruhusiwa mkononi ikiwa kwenye kikombe cha plastiki kisichozidi aunsi 16, lakini ukivuka Jones Street kwenda kusini umetoka kwenye ruhusa hiyo. Kivuko cha kwenda ng'ambo ni bure, na meli za makontena hupita karibu kiasi kwamba unasikia kishindo cha injini kifuani.

Jumapili ni ya Tybee, kisiwa chenye ufukwe. Barabara ni moja tu, US 80, inayokatiza vinamasi vya maji chumvi. Saa tatu ikikukuta mjini, utakaa garini. Angalia jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, kwa sababu wakati wa bamvua kubwa barabara hiyo hufurika. Jedwali hilo ni muhimu zaidi ukifika ncha ya kusini ya kisiwa. Maji yakipwa, fungu la mchanga hujitokeza na watu hutembea mpaka huko na watoto. Maji yakianza kujaa, hayaji kwa mbele yao. Huanza kujaza mkondo uliopo nyuma, kati ya fungu na ufukwe, na tofauti ya kujaa na kupwa hapa ni kama mita 2. Anayeangalia bahari kuu hajui kwamba njia ya kurudi imeshazama. Tulikaa kaskazini, karibu na mnara wa taa wenye ngazi 178, tukaoga hadi saa tano.

Kabla ya kupanda gari, osha miguu kwenye bomba la ufukweni. Ukiwa na nafasi, pitia Bonaventure, makaburi yenye mialoni mikubwa. Kuingia ni bure na hufungwa saa kumi na moja jioni. Kisha I-16, ambayo kurudi inaelekea magharibi: kuanzia saa kumi na moja jua linamwangukia dereva usoni mpaka karibu saa mbili na nusu. Miwani na kofia yake viwe kiti cha mbele, si kwenye buti chini ya taulo.