Kutoka Bombo hadi Lukodi

Bombo tuliamka na mvua, na mabasi mawili ya Gulu yalinipita pale barabarani kabla la tatu halijapunguza mwendo. Sisi ni Wanubi, Waislamu wa Uganda ambao mababu zao walikuwa askari kutoka Sudan. Babu yangu alikuwa mwanajeshi wa Idi Amin, aliyeitawala Uganda kwa mabavu, na serikali ile ilipoanguka mwaka 1979 watu wetu walitawanyika, wengi wakakimbilia Sudan. Nyumbani nimekua nikisikia namna tulivyofukuzwa, nyumba zilivyoporwa, watoto walivyozikwa njiani. Ya kabla ya 1979 hayakuwa mazungumzo ya sebuleni. Babu amekwisha kufa. Katika wenzake amebaki mzee mmoja tu, anayeshinda kwenye baraza ya msikiti.

Basi likaingia Luweero. Baada ya vita vya 1981 hadi 1986, kati ya jeshi la serikali na waasi wa Museveni, mafuvu ya watu yalipangwa kando ya barabara huku ili wapita njia waone. Hapa mimi hupunguza sauti nikizungumza kwa simu. Kwa watu wengi wa rika la wazazi wangu, Kiswahili bado ni lugha ya askari anayekusimamisha njiani, bunduki begani. Nayajua hayo, wala siwalaumu.

Karuma tulivuka Nile, maji yakitoa povu jeupe chini ya daraja, nyani wakingoja ndizi kando ya lami. Gulu nikalala. Asubuhi nikachukua boda hadi Lukodi.

Nilitaka kuliona jiwe la kumbukumbu. Tarehe 19 Mei 2004, wapiganaji wa LRA, waasi wa Joseph Kony, waliivamia kambi ya wakimbizi wa ndani iliyokuwa hapa, wakachoma vibanda, wakaua watu wazima na watoto. Majina yamepangwa jiwe zima. Nilimkuta mama mmoja mzee akifagia majani, polepole, ufagio mfupi mkononi, mkono mwingine mgongoni.

"Jambo, mama."

"Jambo sana, mwanangu." Akaniangalia. "Kiswahili yako safi. Ulijifunza wapi?"

"Nyumbani, mama. Bombo."

Ufagio ukasimama. "Mimi nilijifunza Jinja," akasema, "kwa laini za askari. Baba alikuwa sajini."

Nikajua mazungumzo yanakoelekea. Amin alitwaa madaraka Januari 1971, na mwaka huohuo askari Waacholi na Walango, watu wa kaskazini, waliuawa kwa mamia ndani ya kambi za jeshi, Jinja ikiwemo.

"Walikuja usiku wakaita majina," akasema. "Walisema Kiswahili kama yako hivi."

Sikuwa na la kujibu. Alinivutia kigoda, akaketi mwenyewe chini kwenye mkeka, akanionyesha kwa kidole jina la mwanawe kwenye jiwe. Huyo kesi yake imesikilizwa. Dominic Ongwen, ambaye naye alitekwa na LRA akiwa mtoto, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tarehe 4 Februari 2021 kwa makosa 61, Lukodi ikiwa miongoni mwa kambi nne zilizotajwa, akafungwa miaka 25. Mama alisikiliza hukumu redioni. Mwaka 2024 majaji wakaamuru fidia ya euro 750 kwa kila mhanga. "Bado nangoja," akasema, kama anayezungumzia mvua.

Lakini mahakama ile haiwezi kugusa jambo lililotendeka kabla ya Julai 2002. Na hati tano za kukamata watu zilizotolewa mwaka 2005 zote zilikuwa za makamanda wa LRA. Askari wa serikali waliotesa watu kaskazini hawamo. Tume ya Jaji Arthur Oder ndiyo iliyopewa kazi ya kuchunguza maovu ya tangu 1962 hadi Januari 1986, na ripoti yake ilitoka mwaka 1994. Baraza la mawaziri likapitisha sera ya haki ya mpito, yaani ya kushughulikia maovu yaliyopita, mwaka 2019. Katika yote hayo, mama huyu hakuna aliyemuuliza juu ya sajini wa Jinja. Kwangu mimi hilo ni dhuluma juu ya dhuluma: mtu mmoja, misiba miwili, na mmoja tu ndio wenye faili.

Nikamuuliza kuhusu mato oput, ile desturi ya Waacholi ya kunywa mzizi mchungu kwa pamoja, ukoo wa aliyeua na ukoo wa aliyeuawa.

"Ile inataka watu waje wakubali," akasema. "Wakubali kwanza. Kwa baba yangu, ukoo gani utakuja?"

Akaingia ndani, akarudi na mboga ya malakwang na viazi vitamu. Tulikula sahani moja. Nilipoinuka kuaga, akanishika kiganja.

"Huko kwenu wazee bado wapo?"

"Yupo mmoja, mama."

"Muulize waliwatupa wapi. Sitaki kesi. Nataka mahali tu."

Siku ya pili nilishuka Bombo magharibi ikiadhiniwa. Nikaswali, nikangoja watu watoke. Mzee alikuwa kwenye baraza, fimbo mapajani, akihesabu tasbihi. Nikamsalimu, nikakaa miguuni pake.

"Baba," nikasema, "mwaka 1971 ulikuwa kambi gani?"

Tasbihi ikasimama.