Rimu zinang'aa, breki zinaomba Mungu

Mwaka jana nilitoka Kirinyaga Road, kule kwa spea za magari Nairobi (sisi wazee bado tunaita Grogan), kagari kangu kakiwa na rimu za inchi 17, tinti, na wufa moja kubwa imemeza buti yote, na wiki hiyohiyo fundi wa mtaani alikuwa ameniambia boss hii oili ya breki imekuwa nyeusi kama chai ya rangi, nikamwambia mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa miezi sita.

Desemba tukashika njia ya Narok. Ule mteremko wa Mai Mahiu unaujua, lori mbele, lori nyuma, mimi mguu kwa breki muda wote na gia nimeacha kwa D, ile ya mwendo wa kawaida, kama niko Thika Road, tunakaribia kale kakanisa ka Waitaliano pedali ikaanza kulegea, nakanyaga inazama tu. Nikavuta gia hadi L, ile ya chini inayozuia gari lisikimbie, handibreki pole pole, gari likasimama kando. Mama watoto hakusema kitu. Alizima tu muziki, na hiyo iliniuma kuliko angenigombeza.

Fundi alikuja kunielezea baadaye. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, ikipata moto yale maji yanachemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea, ndio maana unakanyaga hewa. Anasema ibadilishwe kila miaka 2 hivi. Yangu sijui ilikuwa ya lini, na padi za breki zilikuwa zimebaki kama kucha. Oili, padi za mbele na kazi yake hazikufika 6,000, na rimu zilikuwa zimenila 45,000!!

Halafu hizo rimu zilikuja na tairi za mtumba, meno mazuri kabisa, kumbe ile namba ya ubavuni ni 2314, yaani zilitengenezwa wiki ya 23 mwaka wa 2014. Na vile ubavu wa hizo tairi ni mfupi, shimo moja tu huku Kayole rimu ikapinda.

Nimeziuza, nikarudia zile za chuma na tairi mpya. Wufa siuzi, hiyo tusiongee. Lakini taa za LED nilizokuwa nimemezea mate zingoje kwanza, juu rejeta imeanza kuvuja na kila asubuhi naongeza maji kama namwagilia sukuma.